Bwawa Letu Limejaa, Baba

Baba yangu,

Jumapili nilitoka ukumbi wa Kaloleni, hapa Nairobi, na hasira zangu, nikatembea hadi nyumbani Mbotela nikiongea peke yangu. Mama mboga wa pale kwenye kona akaniuliza, "Kwani ni nini, Mama Mwende?" Nikamwambia wanataka kuua mto wetu. Akautazama mtaro wa maji taka uliokuwa mbele yake, akanifungia sukuma wiki yangu.

Ni wewe ningekueleza. Tangu tukuzike nimekikalia kiti chako katika chama cha watu wa nyumbani, na sijui ulikuwa na moyo wa namna gani. Wiki nzima ulikuwa kwenye lori la kaunti, kisha Jumapili, ukitoka kanisani, unakwenda kubishana Kaloleni kuhusu mto ulioko Ukambani. Mama alikuwa akisema umeoa wake wawili, yeye na bwawa.

Likizo zikifika ulitupeleka kubeba mawe. Nilichukia kweli. Wenzangu walibaki Mbotela wakicheza bano, mimi niko kwenye mto mkavu na akina mama wa mwethya, ile kazi ya pamoja isiyolipwa ila kwa chakula na nyimbo. Walibeba mawe mgongoni, kamba kwenye paji la uso, wakipandisha ukuta wa kukatiza mto, ndilo bwawa lako. Shangazi Syombua alibeba kuliko wote na bado alikuwa na pumzi ya kunitania: "Mtoto wa Nairobi, hilo ni jiwe ama yai?"

Mvua ya kwanza ikashusha mchanga mtupu hadi ukutani. Nililia. Niliona kazi yetu yote imefukiwa. Ukacheka na kuniambia, "Tulia. Mchanga ndio tunautaka. Maji yakijificha humo, jua litayapatia wapi?" Zikapita mvua kadhaa. Halafu jioni moja ukaingia nyumbani Mbotela na viatu vyenye udongo mwekundu, ukapiga kelele mlangoni: "Limejaa!" Mama akaruka akadhani ni shimo la choo. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza.

Tangu siku hiyo, hata kiangazi kikali, Shangazi alichimba kidogo tu mchangani na maji yakaja. Akapanda sukuma, akapanda mipapai. Wasichana wakaacha kukosa shule kwa ajili ya kutafuta maji. Ilichukua miaka, Baba, na ilikuwa kazi nzuri.

Sasa sikiliza neno lako lilivyogeuzwa. Jumapili, mweka hazina wetu, kijana mtanashati asiyewahi kushika jiwe la ule ukuta, alisimama akasema, "Wasee, hiyo bwawa imejaa. Ni mchanga tu, maji hakuna. Na Nairobi saa hii kila pahali ni mjengo. Si tuuze mchanga tujipange?" Wakampigia makofi! Watu wazima! Nikaeleza mpaka sauti ikakauka kwamba mchanga ukienda maji yameenda. Mmoja akanong'ona nisikie, "Huyu naye amerithi hata kelele za babake."

Nikauliza kwa nini wanaokunywa hayo maji hawaulizwi. Mwenyekiti akavua miwani, akanijibu kwa upole ulioniudhi zaidi, "Binti yangu, sheria ya chama aliitunga baba yako mwenyewe. Anayepiga kura ni anayeishi Nairobi."

Na hapo ndipo nilipokukasirikia wewe pia, nisikufiche. Maana ni kweli. Uliamini mwenye mshahara wa mjini ndiye mwenye akili ya kuamua, na kwamba Kaloleni kutakuwa na watu kama wewe siku zote. Akina mama waliobeba mawe hukuwapa hata mkono mmoja wa kuinua. Ulijenga ukuta wa kuzuia mto mzima, ukasahau kuwazuia watu wa mjini. Najua hukukusudia ubaya. Bado inauma.

Kura ni Jumapili ijayo. Nimempigia Shangazi simu, akasema, "Wakiuza, sisi tukunywe nini? Hiyo mijengo yao?" Nikamwambia, njooni. Wanafika Ijumaa, akina mama wote wa mwethya. Nimeazima magodoro kwa majirani. Watalala sebuleni, watalala jikoni, na Shangazi atalala kwenye kitanda chako. Nimeisoma ile sheria yako tena na tena, na hakuna mahali uliposema mtu awe ameishi Nairobi kwa muda gani.

Pumzika sasa, Baba, ila Jumapili uwe macho. Mwenyekiti akiuliza ni nani anaishi Nairobi, Shangazi ndiye atakayeinua mkono wa kwanza.

Kifungua mimba wako,
bado nimekasirika.