Kaka Hatulii

Jumatatu, 3 Machi

Leo kazini nimempiga picha ya MRI kaka yangu mwenyewe. Kichwa! Ile homa yake ya ajabu — hospitali yetu haijawahi kuona zaidi ya wagonjwa wanne — imeisha kwenye damu, vipimo safi. Lakini daktari wa neva anasema vijidudu vyake vina tabia ya kujificha kwenye ubongo. Vikiwa humo, dawa alizomeza hazivifikii. Itabidi alazwe, aanze nyingine, tena mapema.

Kaka haamini. Kanenepa, anacheka, anataka kufungua saluni Jumamosi. Eti wateja wamekuwa vichaka, hakuna kinyozi mwingine anayewaweza.

Picha zimetoka ukungu mtupu. Kasogea! Nikamfokea kwenye spika: dakika ishirini tu zinakushinda? Akasema mashine yenyewe inapiga kelele kama inabomoa nyumba, nani atatulia.

Jumatano, 5 Machi

Yaleyale. Nimemjazia sponji pande zote za kichwa, mkanda, vizibo vya masikio. Wapi! Hasira zikanipanda nikamwambia watoto wa miaka sita wananitulia kuliko yeye. Akavaa viatu, akaondoka bila utani wowote. Si kawaida yake.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari kaangalia zile picha mbovu. Nikaanza kumwombea kaka radhi, hakunisikiliza. Akauliza anasogea wakati gani. Muda wote, nikasema, kidogo kidogo. Akauliza tena: na yeye mwenyewe anajua kwamba anasogea?

Miaka kumi na moja kwenye kazi hii! Angekuwa mgonjwa mwingine ningemwangalia mikono. Huyu kwa kuwa ni kaka, nikamwona mkaidi tu. Naona aibu, na naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita saluni baada ya kazi. Kafungua, hata Jumamosi hakungoja. Mteja kitini, mashine ya kunyolea inanguruma, wanataniana. Wembe hakuugusa. Uko kwenye droo.

Nikamuuliza, mbona humalizii ukingo kwa wembe kama zamani? Akasema siku hizi watu hawapendi wembe. Hakuniangalia.

Jumatatu, 10 Machi

Mara ya tatu. Kapewa dawa ya kumtuliza, lakini usingizi haukumchukua. Kabla hajaingia nikamwomba msamaha kwa maneno ya juzi. Yaishe, akasema, washa dude lako.

Nikakaa nyuma ya kioo, daktari kasimama nyuma yangu. Safari hii sikuangalia skrini. Vidole vyake vya kulia vilikuwa vinachezacheza juu ya shuka. Kidogo kidogo, bila kupumzika. Mguu nao.

Dakika ya tisa sauti yake ikaja kwenye spika:

"Vipi, leo nimetulia?"

"Umetulia, kaka."

"Sema kweli, mdogo wangu. Maana nimejikaza kweli kweli."

Nikabonyeza kitufe cha kuongea, nikakiachia. Daktari alikuwa ameshainua simu, anaulizia kitanda wodini.