Mguu wa Sita wa Mbawakawa

4 Mei

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Jicho linaendeleaje? Baba anasema usijibu "vizuri tu" kama kawaida yako, useme ukweli. Sisi hatujambo, ila mama ana mafua na anatugawia sote bila choyo.

Najua daktari amekukataza simu mpaka jicho lililopasuliwa lizoee mwanga, ndiyo maana naandika. Afadhali, kwenye simu mimi huwa nameza maneno. Darasa lako la kuchora la Jumamosi pale maktaba nimelishika kama ulivyoniagiza. Walikuja watoto kumi na wanne. Sauti yangu iliishia kwa mtoto wa mbele, naye akawa anawapigia wenzake kelele kwa niaba yangu: "Dada anasema tuanze na mayai matatu, kichwa, kifua na tumbo." Nimewasisitizia sharti lako, kwamba wachore wanachokiona, si wanachokijua. Walimzunguka yule mbawakawa wako mweusi, mdudu mkavu aliyebanwa kwa pini kwenye kisanduku, wakachora saa nzima. Picha zote nimezifunga humu.

Mtoto wa kaka yako


11 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Samahani kwa herufi kubwa kama za tangazo. Pole kwa mafua ya mama.

Baba yako anataka ukweli, haya. Bandeji ilitolewa Jumatatu. Niliona vumbi la dirishani nikalifurahia kama mgeni. Kisha picha zikafika. Kazi nzuri, hata pingili za vipapasio wameziweka. Lakini mguu wa nyuma wa kushoto nauona unatoka tumboni. Nilifumba jicho, nikafumbua. Nikachukua picha ya pili, tumboni. Zote kumi na nne ni hivyo hivyo. Wewe unajua kwamba miguu yote sita ya mdudu hutoka kifuani. Nilimwonyesha nesi wa wodi hii, akasema, "Mama, mende si ana miguu kila mahali?" Huyo hawezi kunisaidia.

Watoto kumi na wanne hawawezi kukosea mahali pamoja. Basi anayekosea ni mimi. Daktari alinionya kwamba jicho linaweza kupotosha mistari. Na kazi yangu ofisini ni kuwachora wadudu waharibifu ili wakulima wawatambue. Mguu mmoja ukikaa pasipo pake, mtu atampulizia dawa mdudu asiye na kosa. Nisiposikia kwako kitu cha kunitoa wasiwasi, tarehe 25 namwandikia mkuu wangu kwamba naacha kazi. Jicho la pili sitalipasua.

Wewe ulikuwa pale. Mguu ule uliuona wapi? Baba yako asijue kwanza.

Shangazi yako


23 Mei

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sitauliza hali yako, naiogopa.

Hii ni barua ya tano. Nne nimezichana. Shuleni nasoma kwa lugha mbili, na zote mbili zilinikauka.

Jicho lako ni zima. Mguu uko tumboni kweli.

Siku moja kabla ya darasa nilimchukua mbawakawa hadi nyumbani nijizoeze peke yangu, nisije nikaaibika mbele ya watoto. Pini iliteleza, mguu ukakatika kama kijiti kikavu. Niliubandika kwa gundi ya mdogo wangu, ukaniponyoka, ukashika pale ulipogusa. Nilipoona nimekosea gundi ilikuwa imekauka, nikaogopa kuuvuta nisipasue na tumbo. Nikajiambia watoto wa miaka saba hawataona.

Waliona. Yule wa mbele aliuliza, "Dada, mbona huu umetoka tumboni?" Nikamjibu, "Chora unachokiona." Nililichukua sharti lako nikajifichia ndani yake. Akachora, na wenzake wakachora.

Kuna jambo baya zaidi. Barua yako ilipofika, kwa dakika moja nilifarijika kwamba unalilaumu jicho. Dakika moja tu, lakini ilikuwepo. Tangu hapo sijijui. Nakaa mezani, baba ananiuliza habari zako, nasema, "Anaendelea vizuri." Sijui kama naogopa kwamba utanikasirikia au kwamba hutanikasirikia. Usimwandikie mkuu. Nakuomba.

Mtoto wa kaka yako


29 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako imefika siku mbili baada ya yangu kutoka kwenda kwa mkuu. Nimempigia kwa simu ya nesi. Akasema, "Mama, juzi unaacha, leo huachi, nishike lipi?" Nilipomweleza habari ya gundi alinitaka niirudie. Kiti changu ameshamwahidi mtu. Atafikiri. Nami nangoja, kama mwombaji wa kazi wa miaka ishirini.

Jicho la pili litapasuliwa Alhamisi. Hilo mwambie baba yako, na mengine yote umwambie mwenyewe.

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikamgombeza nesi ambaye hana kosa lolote. Siku kumi na nane nimejiona kipofu, nawe ulikuwa unajua. Sijui nikuweke wapi. Nikikukasirikia nakumbuka hukulazimika kusema, nikikusamehe nakumbuka wodi hii alfajiri. Nipe muda.

Jumamosi nenda kwa watoto uwaambie. Kwa sauti yako, asikusemee mtu. Ila kabla hujaanza habari zako, waambie kwanza kwamba nimezitazama picha zao moja moja, na zote kumi na nne ni sahihi.

Shangazi yako