Mkulima Kumi na Moja, Padri Tisa

Shemeji Deo,

Sikuulizi hali. Nikikuuliza habari za huko najua utanijibu kifundi: "Huku hakushiki vizuri shemeji, labda tugeuze dishi." Basi nianze na za kwetu.

Sisi wazima. Kaka yako Prosper mzima, anakoroma kama mashine ya kusaga. Mahindi yamevunwa, ulezi bado uko juani, na baridi ya mwaka huu imekuja na hasira. Walimu tunafundisha tumevaa makoti mpaka saa nne. Duka lako halijafungwa. Prosper hulifungua kila Jumamosi ili wenye redio zao waje kuzichukua, na wengine wakishachukua hawaondoki, wanakaa kwenye lile benchi kama wanakusubiri urudi na chai. Televisheni yako ya majaribio siku hizi inaonyesha mpira wa miguu asubuhi hadi jioni. Vijana wameshika kidhibiti na hakuna wa kuwanyang'anya.

Leo ni Alhamisi. Nakuandikia katika chumba cha walimu, vipindi vimekwisha na watoto wanafagia uwanja. Jumamosi ni arobaini yako, na ukoo wenu umenipa nafasi ya kusema. Nina neno zito la kusema siku hiyo, na nimeona si haki wengine walisikie kabla yako.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nimehamishwa kutoka Mbeya, nimeolewa na kaka yako hata mwaka haujaisha, nikaja dukani na pasi iliyoungua. Wewe ulikuwa umeinama juu ya redio, huku macho yako yako kwenye televisheni. Shikamoo yangu kwa mama mkwe ilikuwa bado haijazoeleka, nyumba nzima inanipima, mkinisema mnahamia Kifipa. Wewe hukuuliza kwetu ni nani wala nitazaa lini. Ulisema, "Shemeji, tenisi unaijua?" Nikakujibu kwamba chuoni nilicheza mihula miwili. Uliacha redio ya watu imepasuliwa tumbo ukanivutia kiti. Pasi yangu ilikaa kwako wiki tatu.

Katika mji mzima wa Sumbawanga tulikuwa wawili. Labda wapo wengine, lakini hawakujitokeza. Wewe uliujulia mchezo huo misheni, upande wa Kaengesa, kwenye uwanja ambao sasa unaanikwa mahindi. Mwaka ule ulinipeleka tukacheza pale, tukahamisha maturubai ya watu na kuyarudisha. Raketi yangu ulikuwa umeifuma upya kwa nailoni ya kuvulia, umeagiza Kirando, ziwani. Ulinifunga seti zote mbili na njia nzima ya kurudi ukanilaumu kwamba nimeaibisha Mbeya.

Majina ya wale wachezaji wawili wakubwa wa kwenye televisheni yalitushinda kutamka, ukawabatiza. Mmoja ukamwita Padri, kwa vile hana papara, hagombi na mwamuzi, na akijifuta uso hukunja kitambaa kwa utaratibu kama anafuta kikombe cha misa. Wa pili ukamwita Mkulima. Huyo kila mpira anaupiga kwa mguno, kama anang'oa kisiki, na akimaliza amelowa mpaka soksi. Padri akawa wangu. Mkulima akawa wako. Na hapo ndipo amani ilipotoka dukani.

Nani mkubwa? Tumebishana miaka, shemeji! Mimi na hesabu zangu: usiniambie ameshinda mara ngapi, niambie kati ya mara ngapi. Padri kapoteza michezo michache maishani mwake, Mkulima kapoteza mingi, basi ugomvi umekwisha. Wewe ukasema mimi napima gunia kwa ekari kama bwana shamba. Ukasema mwenye robo ekari nyuma ya nyumba, anamwagilia kwa kopo, lazima apate vizuri. Lakini aliyelima ekari kumi za bondeni, akapigwa na mvua ya mawe, akapigwa na panya, na bado akaweka magunia ghalani, huyo ndiye mkulima. "Na wakikutana wao wawili," ulipenda kumalizia, "nani anamlaza mwenzake?" Vijana kwenye benchi walikuwa wanaguna. Walitaka simu ya mtu itafute jibu, tumalize, wawekewe mpira.

Lakini simu uliipiga marufuku. "Simu haijaona, simu imesimuliwa." Tulihesabu tulichokiona kwa macho yetu tu. Ndipo likazaliwa lile daftari la jalada la bluu: kushoto Mkulima, kulia Padri, kila walipokutana anayeshuhudia anaandika mshindi na matokeo ya seti. Wewe ulishinda dukani, ukaandika zaidi ya Mkulima. Mimi nilipitia nikitoka shule, mara nyingi nikikuta seti ya mwisho, nikaandika za Padri. Kila mmoja akajisahihishia. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Na sasa nifike pale panaponiuma.

Mganga hajigangi, shemeji. Ulitengeneza televisheni za nusu ya mji, na ya kwako kona ya juu ya kioo ilikuwa imekufa, nyeusi tii, ukubwa wa kiganja. Nilikutania mara ngapi? Ulisema kona haina kazi, mpira hauendi kule. Kumbe kwenye kona ile ndipo panapoandikwa kwamba mchezo huu ni wa marudio. Siku moja niko kwa mwalimu mkuu wetu, televisheni yake nzima, namwona Mkulima anamfunga Padri, na kwenye kona maandishi yanasema hivyo waziwazi. Na matokeo nayajua! Nimeyaona kwenye daftari letu, mara mbili.

Ningekuja kukunong'oneza. Mtu mwenye adabu angefanya hivyo. Mimi nilikuja Jumamosi ya soko, duka limejaa, kalamu nyekundu mkononi. Nikaliweka daftari juu ya meza, nikashuka na safu ya Mkulima, kila palipojirudia matokeo nikapiga mstari, nahesabu kwa sauti kama niko darasa la tano. Sita! Mkulima akatoka kumi na saba akabaki kumi na moja. Padri kumi na mbili. Nikaandika chini, "Rudia zoezi." Watu walicheka mpaka wa duka la jirani wakaja kuuliza. Na wewe ulicheka, lakini ulicheka umeangalia redio.

Jina likakushika siku hiyohiyo. Marudio. "Mambo, Marudio!" "Poa." Ulijibu poa kila mara. Wauza mitumba walikuita hivyo, madereva wa bodaboda walikuita hivyo, hata mtoto wa jirani akitumwa betri anasema nimetumwa kwa Marudio. Mtu mzima, fundi wa watu, uliyelijenga jina lako kwa miaka, shemeji yako alilifuta kwa kalamu ya mia mbili.

Jumapili mbili hukuja kula kwetu. Ya tatu ukatokea mlangoni na mfuko wa dagaa wa Kirando, ukanipa mkono, ukasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Nikaupokea ule mkono kama malkia. Nikakukaangia dagaa, nikakusimanga mpaka ulipomaliza ugali. Kuomba radhi hakukunijia hata kichwani. Kwani si nilikuwa sahihi?

Kisha ukaugua, na sikudhani ni ugonjwa wa kuondoka nao. Nilikuja wodini nikakwambia Padri anacheza Ijumaa. Ukasema nikuandikie. Ijumaa yenyewe umeme ulikatika, na Jumapili hukuwepo.

Unajua aibu niliyoipata makaburini. Kwenu na kwetu shemeji ni mtani, na mtani ana kazi yake msibani. Watu waliniangalia. Walisubiri nikwambie amka ulete dagaa, au nikuulize umemwachia nani televisheni maana mke hukuwa naye. Shangazi yenu alinisukuma kwa kiwiko. Mdomo huu unaoujua, shemeji, ulikataa kufunguka. Nilitupa udongo nikarudi nyuma ya Prosper nikalia, watu wakasema mwanamke wa Mbeya hajui utani. Kumbe nilikosa la kusema kwa sababu utani wangu wote niliumaliza siku ile ya kalamu nyekundu.

Wiki iliyopita Prosper alileta nyumbani sanduku lako la kazi. Baada ya arobaini vitu vyako vitagawiwa, na koti lako la kijani tayari lina wagombea watatu. Chini ya bisibisi nilikuta daftari. Nikalifungua nijifurahishe kidogo, nione kalamu yangu ilivyomnyoosha Mkulima. Nikaona upande wa Padri, kwenye safu yangu, mwandiko wangu, vinukta vya penseli. Vidogo sana. Vinukta vitatu.

Nilidhani ni uchafu wa grisi. Nikavifuta kwa kidole, havikufutika. Nikasoma matokeo yaliyo mbele ya kinukta cha kwanza, nikapanda juu ya safu, nikayakuta. Yaleyale, seti kwa seti, yameandikwa mwaka mmoja kabla. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu hivyohivyo. Nilikuwa nimeandika marudio ya Padri mara tatu kwa mkono wangu, mimi mwalimu wa hesabu, ninayekuta seti ya mwisho na kushangilia. Siku ile ya soko nilikagua safu yako tu. Yangu sikuitazama. Nyani haoni kundule.

Na chini kabisa, kwa penseli hiyohiyo, umeandika: "Haya ya shemeji nimeyaona. Yabaki."

Padri kumi na mbili, toa tatu. Tisa. Mkulima kumi na moja. Ulikuwa unaongoza, Deo. Uliponipa mkono pale mlangoni na dagaa zako, ulikuwa unaongoza!

Nimekukasirikia, ujue. Nimekukasirikia siku tatu, Prosper akawa anakula kimya akidhani ni yeye kanikosea. Ungeniambia. Ungekuja shuleni na daftari lako ukaniita mbele ya wanafunzi wangu, ukasoma vile vitatu kwa sauti, ningestahili. Jina la Marudio lingekuwa la wawili, tungelibeba pamoja, tungechekwa wote. Badala yake ulikwenda nalo barabarani peke yako ukijibu poa, poa, mpaka kaburini, ili mimi nibaki na Padri wangu anayeongoza. Nani alikutuma? Sijui hata kama ulikuwa unanionea huruma au ulikuwa unanicheka moyoni kila nilipokusimanga. Natumaini ulikuwa unanicheka. Nakuomba uwe ulinicheka sana.

Radhi, shemeji. Nilipaswa kuisema mlangoni ukiwa na dagaa mkononi. Naisema sasa.

Nimejaribu kukuweka kwenye hesabu zangu. Ukoo wenu ukikaa unakuhesabia ulivyovikosa: hukuoa, duka halikukua, uenyekiti wa mtaa uligombea ukaangushwa. Juzi baba mdogo kasema, masikini, Deo alijaribu mengi. Zamani ningekaa kimya, maana kwa hesabu ya gunia kwa ekari kweli hukupata. Safari hii nilimwuliza, je, yeye amewahi kumshinda mtu halafu akanyamaza miaka miwili? Hakunielewa. Atanielewa Jumamosi.

Maana Jumamosi nitasimama na daftari la bluu na kalamu nyekundu. Vijana wote wa benchi watakuwepo, ndio wanaochinja na kubeba viti. Nitapiga mstari kwenye safu yangu, mmoja, wa pili, wa tatu, kwa sauti ileile ya darasa la tano. Nitatangaza: Mkulima kumi na moja, Padri tisa. Wakimaliza kucheka nitawaambia jina lile warudishe, si lako, lilipotea njia. Kuanzia Jumamosi Marudio ni mimi. Wakinisalimia sokoni "mambo, Marudio," nitajibu poa, kama ulivyojibu wewe.

Kwenye mgao sitagombea koti. Nitaomba televisheni yenye kona nyeusi, na siitengenezi. Nitaangalia kila mchezo tangu mpira wa kwanza unapoanzishwa, nisikute tena seti ya mwisho, na Mkulima akishinda nitaandika mimi, kushoto, kwa mwandiko mzuri. Daftari lina kurasa nyingi bado.

Prosper kaja kunichukua, anapiga honi ya pikipiki huko nje. Namsikia lakini nataka kwanza nikupe mkono, shemeji, kama ulivyonipa ule wa mlangoni, na safari hii mimi ndiye niliyeshindwa. Lala salama, fundi. Unaongoza kwa mbili.

Shemeji yako,
Mwalimu Atupele Marudio