Maua ya Njano kwenye Tuta

Tarasaa,
14 Septemba

Kwako Dada Janet,

Pokea salamu zangu na za Mama, pamoja na za majirani wanaokuulizia kila wanapotuona. Natumaini ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu, na kwamba bibi unayemfanyia kazi siku hizi anakuachia angalau saa moja ya kujinyoosha mchana. Sisi huku tunaendelea. Mama anakohoa kidogo asubuhi lakini shambani anakwenda. Mwanao Beryl yu hai, anakula, anacheka, na jino la mbele limeng'oka juzi. Nakuomba ulishike hilo unaposoma haya mengine.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nimeanza mara nyingi nikafuta. Fardowsa, jirani yangu wa duka la vitambaa, anakwenda umra wiki ijayo, na ameniahidi kwamba akifika Jeddah atakutafuta akukabidhi barua hii wewe mwenyewe. Hajui nilichoandika.

Unakumbuka nilivyokuambia kwamba studio ilikuwa imelala. Watu walikuja kupiga picha za pasipoti tu, na lile pazia langu lenye maporomoko ya maji lilikuwa limepauka. Mvua za masika zilipokatika na maji ya mafuriko kuanza kurudi mtoni, nchi nzima hii ikatoa maua. Upande wa Golbanti kulikuwa na ya zambarau yanayotambaa, na huku kwetu ya njano yanayofika kifuani mwa mtoto. Nikampiga Beryl picha moja akiwa katikati yake na gauni jeupe, nikaibandika mlangoni. Kufikia Jumatatu akina mama wanne walikuwa wamekuja na watoto wao wakitaka kama ile.

Lakini wote waliuliza swali moja. Je, mahali penyewe ni salama? Walikuwa na haki ya kuuliza. Mtoni kuna mamba, viboko hupanda kula majani alfajiri, na maji yanapopanda nyoka huhamia kwenye nchi kavu pamoja na watu. Nikajiwekea taratibu. Sikwenda karibu na maji. Sikwenda kabla ya jua kukausha umande. Nilichagua penye nyasi fupi, nikapigapiga kwa fimbo ndefu pande zote, nikatandika mkeka, na mama wa mtoto alisimama hatua mbili tu kutoka kwake. Watu wakanisifu. Walisema Kadii hamweki mtoto wako mahali ambapo hajapakagua.

Aliyenifundisha mengi ya hayo ni Halkano, mfugaji wa Kiorma anayepitisha ng'ombe wake nyuma ya shule. Nilikuwa nikimuuliza wapi ng'ombe wamelala, wapi wamekataa kupita. Alisema ng'ombe akikataa mahali, wewe usiulize sababu, ondoka.

Mwanzoni mwa Juni alikuja Maryan, yule mwenye duka la unga, akataka binti yake Rayyan apigwe picha siku ya kutimiza miaka miwili. Tulipatana Jumamosi. Sehemu yangu ya kawaida ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mifugo, kwa hiyo Ijumaa asubuhi nilitoka kutafuta nyingine, nikaenda na Beryl. Nyuma ya mashamba ya zamani ya mpunga kuna tuta la mfereji, na juu yake maua ya njano yalikuwa yamesimama mazima, hakuna hata moja lililovunjika. Dada, sijawahi kuona maua kama yale.

Halkano alikuwa ng'ambo ya mfereji na ng'ombe wake. Akaniita kwa sauti. Alisema, "Mama Kadii, hapo hapana. Maji imesukuma nyoka yote juu ya hiyo tuta. Ng'ombe yangu mbili imekufa hapo juzi." Nikamwinulia mkono kwamba nimesikia. Akaenda zake.

Kwa muda wa miezi mitatu, kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba Beryl alinitoroka akakimbilia maua, na kwamba sikuwahi kuambiwa lolote kuhusu tuta lile. Hata Mama anajua hivyo. Halkano anajua zaidi ya hapo, lakini hajamwambia mtu. Sasa nakueleza wewe jinsi ilivyokuwa.

Nilimweka mimi. Jua lilikuwa limefika mahali pazuri, nikajiambia ni dakika mbili tu, nione picha itakavyotoka, kisha tuondoke. Sikupiga fimbo. Fimbo huangusha maua, na nilitaka kuyaona mazima. Nilimwambia Beryl, "Nenda ukae pale kwenye yale mengi, umwangalie mama mdogo." Akaniuliza kama kuna wadudu. Nikamwambia hakuna. Akaenda, akakaa, akanyoosha gauni juu ya magoti kama ulivyomfundisha.

Nilipiga picha tisa. Ya tisa anatazama chini.

Alikuwa moma, nyoka mnene kama mkono wangu, aliyelala tu pale asiondoke. Alimuuma kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Beryl hakupiga kelele mara moja. Alisema, "Mama mdogo, kuna kitu kimenichoma," halafu ndipo akalia. Nilimbeba nikakimbia, na kwa sababu sikuwa na kitu kingine nilimfunga mguu kwa mkanda wa kamera, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Halkano alisikia kilio, akaacha ng'ombe, akaruka mfereji. Akampokea mikononi mwangu akakimbia naye hadi barabara ya lami, akasimama katikati ya barabara mpaka lori la mahindi likasimama.

Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na dawa ya sumu ya nyoka. Cha pili kilituelekeza mbele. Tulipofika hospitali kubwa ilikuwa alasiri, na mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye nyonga, umekuwa mweusi pale nilipofunga. Daktari alinieleza kwa upole kwamba moma hafungwi, kwamba kufunga kule kumeifanya sumu ikae mahali pamoja ikaozesha nyama. Walihangaika naye siku kumi. Siku ya kumi na moja waliukata mguu, Dada, chini kidogo ya goti. Mama ndiye aliyetia dole gumba kwenye karatasi ya idhini.

Ile picha uliyoiweka mbele ya simu yako, ukasema kila mtu hapo nyumbani anaisifu, ni ya nne katika zile tisa. Niliituma nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake wodini, kwa sababu ulikuwa umeuliza mbona wiki hiyo sikukutumia kitu. Zote nilizokutumia tangu hapo ni za kabla ya siku ile. Mtandao wetu si mbovu kama ninavyokuambia kila Ijumaa. Mimi ndiye ninayezima video.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Unapopiga simu na Beryl anakuambia amekimbia, amecheza kamba na wenzake, ni mimi niliyemfundisha. Nilimwambia mama atalia akijua, kwa hiyo mguu ni siri yetu. Ijumaa iliyopita ulipomuuliza kama viatu ulivyotuma vinamtosha, nilimwona akiutazama ule uliokatwa, akafikiri, kisha akakujibu kwamba vinamtosha vyote viwili. Alipokata simu hakunigeukia kutaka kusifiwa kama zamani. Alikwenda akakaa mlangoni peke yake. Ana miaka mitano, na mimi ndiye niliyemtia uongo huo mdomoni.

Maryan alikuja hospitalini na maziwa ya ngamia na sabuni. Alinishika mikono yote miwili, akasema nimemwokoa Rayyan wake, kwani kama nisingetangulia kukagua, Jumamosi angekaa pale mwanawe. Wanawake wengine waliokuwa wodini wakaitikia. Nikapokea shukrani zile. Watoto wa watu wengine niliwapigia fimbo na kuwatandikia mkeka. Wako nilimtuma mbele.

Sikuombi unisamehe katika barua ya kwanza. Ninachokuomba ni usimkasirikie Halkano, maana kuna wanaosema alinielekeza kwenye tuta lile kwa makusudi, na mimi niliwaacha waseme hivyo kwa sababu ilinipunguzia mzigo. Kesho nitakwenda kwa mzee wa mtaa kuyasema haya mbele ya Mama na mbele yake Halkano. Ukitaka Beryl ahamie kwa Shangazi Dzame kule Marafa, sema tu, nitampeleka mwenyewe na nguo zake. Amepimwa mguu wa bandia, na huku akisubiri anatembelea magongo mawili na anawashinda watoto wengi kwa mwendo.

Jana nilimwambia kwamba siri imekwisha, na mama akipiga tena amwonyeshe kila kitu. Aliniuliza, "Na akilia?" Nikamwambia amwache alie. Akafikiri kidogo akauliza, "Na mimi nikilia?" Nikamwambia na yeye alie. Basi akaanza hapo hapo, Dada, kilio ambacho hakukitoa hospitalini, na hakunitaka nimshike. Mama ndiye aliyempakata mpaka akalala.

Mama anakusalimu. Fardowsa atakupa pia kikopo cha achari ya ndimu ambayo Mama amekutengenezea. Ukishasoma, piga simu siku yoyote utakayopewa ruhusa. Video nitaiacha wazi.

Ni mimi mdogo wako,
Kadii