Matuta ya Upande wa Mtoni

Kasense, Sumbawanga
Jumapili jioni, mvua imeanza

Kaka Beda,

Shikamoo. Nakupigia makofi ya salamu hapa mezani ingawa huyasikii, maana heshima ya kwetu haipungui kwa umbali. Habari za Muze na joto lake? Wifi yangu Asnath hajambo? Na huyo mtoto, ambaye habari zake nimezipata kwa kondakta wa basi badala ya kuzipata kwako, anaendeleaje? Huku tu wazima. Mama anakula, anasali, anagombana na kuku wake. Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu namba yako haipatikani tangu Baba azikwe, na kondakta huyohuyo ameapa kuitia barua hii mkononi mwako. Basi kaa chini uisome yote, usiruke mistari kama ulivyozoea.

Mimi bado niko kwenye steshenari ile karibu na stendi, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Jioni wateja wakipungua nilikuwa natengeneza gemu ya simu. Usicheke. Niliianza mwaka ulioondoka wewe. Picha zake ni za vidoti vya mraba, unapanga kimoja kimoja mpaka mtu atokee, na Eustaki, yule mpiga kinanda wa kwaya yetu, ndiye aliyeitilia muziki. Hakuna kupigana wala kukimbizana. Kuna kijana anayetembea, anasalimia watu, anachota maji, anamsaidia baba yake shambani. Halafu kijana anaondoka. Baba anafariki. Mwishoni mchezaji anabaki na mama mlangoni, mbele yao shamba lenye matuta ambayo hayajavunjwa, na mvua inaanza kunyesha. Inaishia hapo.

Tuliiweka mtandaoni mwezi wa tisa, nikidhani watacheza wanakwaya tu na kunisifu kwa adabu. Lo! Wakaja watu wa nchi ambazo hata sizijui ziko upande gani wa dunia, na kila mmoja na maoni yake. Kuna aliyeandika kwamba alilia ndani ya basi mpaka akapitiliza kituo chake. Kuna aliyesema ni fupi mno, na kwamba kitufe cha kupiga makofi hakina kazi yoyote. Nikamjibu kwamba kazi yake ni kusalimia. Hakurudi tena.

Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni shamba. Walidhani yale matuta ni makaburi. Mama mmoja aliandika kwamba hajawahi kuona familia iliyozika watu wengi namna ile, na kwamba ametuwashia mshumaa. Wengine wakaanza kubishana tulipigana vita gani. Eustaki alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana. Watajuaje kwamba kwetu mtu hukusanya nyasi, akazifunika kwa udongo mvua zikiwa bado zipo, akapanda maharage juu yake, akaziacha zioze mpaka mvua nyingine, ndipo avunje, atawanye rutuba na kupanda ulezi? Tuta lisilovunjwa ni kazi ya mtu iliyobaki nusu.

Wengi waliomba mwisho ubadilishwe, kijana arudi nyumbani. Eustaki akawaunga mkono. Alisema tumpe kijana jembe, avunje matuta, mama acheke, watu wafurahi. Nilikataa katakata, tukanuniana wiki nzima. Nilimwambia siwezi kuchora jambo ambalo halijatokea. Hapo akarudi kwenye kinanda chake, maana anaijua nyumba yetu.

Ndipo asubuhi moja nikakuta maoni kwa Kiswahili, hayana jina. Yaliandikwa hivi: "Hayo si makaburi, ni ntumba. Na mzee huyo haanzii kulima upande wa barabara. Huanzia mtoni. Mmekosea." Na nyota tatu kati ya tano. Nyota tatu, kaka! Dada yako wa tumbo moja!

Watu wote wa Kasense huanzia barabarani, kwenye ardhi laini. Baba peke yake alianzia mtoni kwenye udongo mgumu, akachekwa miaka yote, na waliolima pamoja naye ni wewe na mimi tu. Nilijua ni wewe kabla sijamaliza kusoma. Nililia mbele ya mteja aliyeleta cheti cha ubatizo kutoa kopi, maskini ya Mungu akanipa pole akidhani nimefiwa. Sikukujibu pale mtandaoni, kwa sababu nilichokuwa nacho cha kukuambia si cha kusomwa na wageni.

Sasa nikueleze ya nyumbani. Ulipoacha seminari ukamuoa Asnath, binti wa wafugaji, Baba alikuambia mbele yetu, jembe mkononi, usilikanyage shamba lake tena. Ukatii. Ukatii hata alipokufa, maana kaburi lake liko pembeni mwa shamba, na neno la mzazi hulitengua mwenyewe, naye keshaondoka. Watu walikusema sana. Mimi nilikuelewa, na nilikukasirikia vilevile, na hasira hiyo bado ninayo.

Majirani wote wameshavunja matuta yao. Ya Baba yapo kama alivyoyaacha, na Mama hataki yaguswe. Ukimuuliza sababu anaondoka kwenda kuangalia kuku. Baba mdogo Zephania amembembeleza mpaka amechoka. Sasa amesema Jumatatu, baada ya Jumamosi hii inayokuja, analeta maksai wake wapitishe plau shamba zima, barabarani mpaka mtoni, kwa sababu njaa haisubiri huzuni. Siwezi kumlaumu. Msimu ukipita, nyumba hii haina ulezi.

Jana nikampa Mama simu acheze. Sikuwahi kumwonyesha, nilikuwa naogopa. Alishika simu kwa mikono miwili, mimi nikimwelekeza vitufe. Kijana alipomfikia mama yake mlangoni, akachutama na kupiga makofi, Mama yetu akaweka simu mapajani akampigia makofi na yeye, akamuitikia salamu yote kwa Kifipa, hakuacha hata neno. Kisha akaendelea. Baba wa kwenye gemu alipofariki alifanya ishara ya msalaba. Lakini lilipotokea lile shamba la mwisho, aliliangalia muda mrefu, akanigeukia amekasirika.

"Ya Beda yako wapi?" akaniuliza.

Nikasema sielewi. Akaniambia nimechora shamba nikaacha mstari wa mtoni, ule wa kwanza kabisa. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Baba yenu mwaka huu aliyaanza yale ya mtoni akasema hayo ni ya Beda. Alisema ayatangulize, nguvu zisije zikamwishia kabla hajayafikia."

Kaka, nilikuwa pale Baba akilima. Nilimwona akihema, akikaa chini kila baada ya tuta, nikafikiri ni uzee tu. Nilimuuliza Mama kwa nini alinyamaza miezi yote hii. Akasema Baba alitaka kukuambia mwenyewe mtakapokutana, naye hakupenda kumsemea mumewe. Na tuta la mtu huvunjwa na mwenyewe, kwa hiyo akawa anakungoja, akiamini utakuja tu.

Basi elewa. Neno lile Baba alilitamka akiwa na jembe mkononi, na amelitengua kwa jembe hilohilo. Hakuna kinachokuzuia tena isipokuwa kichwa chako kigumu.

Na mimi nikiri langu. Gemu ile sikuitengenezea dunia. Niliiweka mtandaoni kwa sababu nilijua huwezi kuona picha ya Kasense ukapita bila kuifungua. Wengine wote waliolia walilia barua yako.

Nimelirekebisha kosa ulilolitaja. Baba sasa anaanzia mtoni, na mstari wako nimeuchora. Mwisho sijaubadilisha na sitaubadilisha, hata wakiandika mpaka vidole viwaume. Jumamosi alfajiri nitakuwa shambani. Usipokuja, nitaanzia barabarani, nivunje ya Baba yote, yako niyaache. Maksai wakifika mtoni watanikuta nimesimama mbele yao, na Baba mdogo nimeshamwambia hivyo uso kwa uso. Amecheka, lakini anajua mimi mtoto wa nani.

Mama anakusalimu sana. Amesema Asnath aje na nguo nzito za mtoto, baridi ya huku hataizoea upesi. Msalimie sana wifi, mwambie chumba kimefagiliwa. Jembe la Baba limetiwa mpini mpya, hakuna aliyelishika. Nyota zangu mbili zilizobaki utanipa ukifika.

Ni mimi mdogo wako,
Hilaria Baltazari