Kura ya kiwandani haikuchanganywa

Shoga, yamenikuta. Ile kura ya kupunguza wafanyakazi imepigwa, na watano walioangukiwa wote ni wa chumba cha kupiga pasi nguo.

Watano wote, kati ya watu sitini. Na mdogo wangu yumo.

Karatasi za majina nilizitumbukiza mimi ndooni, chumba baada ya chumba, pasi mwisho. Sikuzichanganya. Nilidhani bosi atazikoroga, naye akaokota za juu tu.

Nikamfuata ofisini, nikamwambia za chini hazikuwa na nafasi sawa ya kuokotwa. Akasema, "Mama, kura ni kura. Ulitaka nichague kwa macho?"

Mdogo wangu ameshatia sahihi barua ya kuachishwa kazi. Ananibembeleza mimi: "Usilie, dada, ni bahati yangu tu."

Sijaweza kumwambia.