Telefone Inauliza Kama Ulikula

Mbunya, Bunia

Yaya Emery,

Kinshasa inakuwa namna gani? Siye huku tuko. Mvua inanyesha, na ile ordinatere, kompyuta uliniachia, ingali inatumika. Ninajifunza nayo kutengeneza aplikasio za telefone.

Somo la kwanza, ukifinya buto, telefone inapaswa kuandika "Bonjour". Mama hakujua kusoma, basi nikaweka sauti yake pahali pa maandiko. Lakini kusema "Bonjour" alikataa kabisa. "Mutu anafika na weye unamusalimia tu? Muulize kama amekula." Sasa ukifinya, ni Mama anauliza: "Mwanangu, ulikula?"

Tulipotoka kumuzika Mama, tantine Valérie, dada yake, alishika telefone yangu aangalie saa, akafinya ile buto bila kujua. Sauti ya Mama ikauliza, na watu wote wakaanza kulia upya, hata wanaume. Pahali pako kwenye mukeka wa kilio palikuwa wazi, yaya. Siulizi sababu.

Formatere wetu, mwenye kutufundisha, anasema kuandika mustari moja tu ndani ya aplikasio kunatosha kufuta ile sauti. Ule mustari naujua. Siuandiki.

Ninakutumia hiyo aplikasio. Ukiwa peke yako, finya buto. Halafu umujibu.

Mudogo wako,
Jemima